Kabla hujaandika mstari hata mmoja, jua unaanzia tawi lipi

Mwaka jana nilirekebisha mistari miwili tu ya programu moja huria, na ile mistari miwili ilichukua karibu wiki tatu kufika ilipotakiwa kufika. Mistari yenyewe haikuwa na shida, ilikuwa sahihi toka usiku ule wa kwanza, shida ni kwamba niliianzishia kwenye tawi ambalo silo, tawi yani moja ya njia ambazo msimbo wa mradi unaendelezwa sambamba. Na toka hapo nimekuwa nawaangalia vijana wenzangu wanaoanza kuchangia, naona wanapita palepale nilipopita, mtu anatuma PR yake ya kwanza (pull request, yani ombi la kuingiza kazi yako kwenye mradi), anaambiwa abadilishe tawi la msingi, lile ambalo PR inaomba kuingia, anabonyeza sehemu moja tu anaona mamia ya komiti, yani mabadiliko yaliyohifadhiwa, za watu wengine zimejaa kwenye PR yake, anaogopa, anaifunga, na harudi tena. Inaniuma kwa sababu mara nyingi kazi yake ilikuwa nzuri kabisa. Kwaiyo leo nataka niielezee hii kitu taratibu, kama vile umekaa hapa pembeni yangu na laptopu iko wazi.

Ilianzia kwa dada yangu. Yeye ni karani wa chama cha wakulima wa pamba huko Magu, na sisi Wasukuma majina yetu hiyo ng' iko kila kona, kina Ng'wandu wako kila kijiji. Sasa ile programu wanayotunzia orodha ya wanachama, kila akitoa orodha kwenda kwenye faili la CSV, yani jedwali la maandishi matupu, majina yanakatika pale kwenye ile alama. Akanitumia picha WhatsApp na meseji, "Kaka hebu angalia, nina wakulima kumi na moja wote wanaitwa Ng, na orodha ya malipo inatakiwa benki Ijumaa." Kumbe kila msimu alikuwa anakaa anayaandika upya moja moja kwa mkono. Mradi wenyewe sitautaja, nasema tu ni programu huria, msimbo wake uko wazi GitHub, ile tovuti ya kutunzia msimbo, na watu wanaoutunza ni wastaarabu sana.

Nikasema hii naiweza. Nikakloni ripo, yani nikashusha nakala ya hifadhi ya mradi, usiku baada ya saa sita maana ndo muda bando la usiku linafanya kazi, na kwa sababu ya bando nikatumia `git clone --depth 1`, ambayo inakuletea hali ya mwisho tu ya mradi bila historia yote ya nyuma. Nikafungua, nikatafuta, nikaona sehemu inayoandika CSV inachukulia ile alama ya ' kama alama ya kufungua na kufunga maneno, kwaiyo ikikutana na Ng'wandu inadhani neno limefungwa pale. Mistari miwili, na testi moja yenye jina la Ng'wandu ndani yake. Nikapushi, yani nikaituma, kwenye foku yangu (nakala yangu ya mradi kule GitHub), nikafungua PR kuelekea main, tawi kuu la mradi, nikalala nikiwa na furaha ambayo siwezi kuielezea.

Baada ya siku nne nikajibiwa. Mtunzaji mmoja akanishukuru, akasema rekebisho ni zuri, ila hii bagi (hitilafu) ipo pia kwenye toleo wanalolihudumia sasa hivi na marekebisho ya bagi yanatakiwa yaanzie kwenye tawi la 2.x sio main, naomba ubadilishe tawi la msingi. Mi nikawa najiuliza, 2.x ndo nini? Nikapiga `git branch -r` kwenye mashine yangu naona tawi moja tu, main. Halipo.

Hapa nataka nikae kidogo maana ndo sehemu inayotupata sisi tunaohesabu MB. Ukikloni kwa `--depth` Git, ile programu inayotunza historia ya msimbo, inajiongeza yenyewe `--single-branch`, yani inakuletea tawi moja tu lile la difolti na mengine yote haikuambii kama yapo. Kwaiyo kijana wa Mwanza au Kigoma anayeokoa bando anafanya kazi kwenye mradi wenye matawi ishirini akiwa anaamini una tawi moja, na hakuna ujumbe wowote utakaomwambia tofauti. Dawa yake ni rahisi na haili data. Kabla hujakloni chochote piga `git ls-remote --heads` ikifuatiwa na anwani ya ripo, itakuorodheshea matawi yote yaliyopo kule kwenye seva bila kushusha faili hata moja, mara nyingi ni kilobaiti chache tu. Ukishajua tawi unalotaka unaweza kulikloni hilohilo kwa `--depth 1 -b` na jina lake. Ila mi sikuhizi napenda zaidi `git clone --filter=blob:none`, hii inakuletea historia yote ya komiti na matawi yote, lakini yaliyomo ndani ya mafaili ya zamani haileti mpaka uyahitaji, kwaiyo inakuwa nyepesi na bado unaona ramani nzima. Ukipiga `git blame`, ile inayokuonyesha kila mstari uliandikwa kwenye komiti gani, itaanza kuvuta vitu mtandaoni kidogo kidogo, usishtuke, ndo inavyofanya kazi.

Turudi. Nikaenda kwenye PR nikaona ukibonyeza Edit juu pale kwenye kichwa cha PR kuna sehemu ya kuchagua tawi la msingi, GitHub waliiweka toka 2016, nikachagua 2.x nikabonyeza kukubali. Kurasa ikajirudia na PR yangu iliyokuwa na komiti moja ikawa na komiti zaidi ya mia sita. Mia sita. Na upande wa kulia kukaanza kujaa majina ya watu wanaoombwa kupitia kazi, kwa sababu ule mradi una faili la CODEOWNERS, yani kila sehemu ya msimbo ina mwenyewe, na mtu akigusa sehemu yako unapata notifikesheni moja kwa moja, na PR yangu ghafla ilikuwa imegusa karibu kila kitu. Watu wa mabara tofauti wakapata imeli kutoka kwangu, wengine usiku wao. Niliumia sana siku ile. Hakuna aliyenisema vibaya, mmoja aliandika tu kwamba inatokea, akaniwekea linki ya maelezo.

Kwa nini zilikuwa mia sita? Hiki ndo kiini cha haya yote, ukikishika hiki mengine yanajipanga yenyewe. Tawi kwenye Git halijui lilianzishwa kutoka wapi, Git haiandiki popote kwamba "hili lilitoka main". Inachojua ni komiti na mzazi wake, mzazi na mzazi wake, kurudi nyuma mpaka mwanzo. Komiti yangu mzazi wake alikuwa komiti ya mwisho ya main. Nilipoomba iingie 2.x Git ikauliza, ni komiti gani zipo huku ambazo 2.x haina? Ikatembea kurudi nyuma kutoka kwangu mpaka pale main na 2.x zilipoachana miezi mingi iliyopita, na kila kitu kilichofanyika main toka siku ile kikahesabika kama sehemu ya kazi yangu. Ni kama umeenda kumposea mdogo wako halafu ukoo mzima umeingia nyuma yako, huwezi kuwaambia wabaki nje wakati umekuja nao.

Sasa geuza upande wa pili. Ningeanzia 2.x, mzazi wa komiti yangu angekuwa komiti ya 2.x, na kama watunzaji wana kawaida ya kupandisha 2.x kwenda main kila mara, basi vyote vya 2.x main inavyo tayari au itavipata karibuni. Kwaiyo komiti yangu ingepanda kwenda main bila kubeba mzigo wa mtu. Kazi iliyoanzia chini inapanda yenyewe, iliyoanzia juu haishuki mpaka uikate mizizi. Hii nimeirudia mara nyingi kwa watu mpaka wamenizoea.

Na sio mawazo yangu, Git yenyewe inajengwa hivo. Linus Torvalds, yule wa Linux, aliianza Aprili 2005, Julai mwaka huohuo akamkabidhi Junio Hamano ambaye ndo anaitunza mpaka leo, na ripo yake ina matawi manne ya kuangalia: maint la marekebisho ya toleo lililokwisha kutoka, master la toleo linalokuja, next la vitu vinavyojaribiwa, na seen ambalo zamani liliitwa pu likabadilishwa jina 2020. Maelekezo yao kwa wachangiaji yanasema anzia kwenye tawi la zamani kuliko yote ambalo kazi yako inalihusu. Bagi ipo kwenye toleo lililotoka? Anzia maint. Ni kitu kipya kabisa? Anzia master. Usijenge juu ya seen hata siku moja, kwa sababu seen linabomolewa na kujengwa upya kila mara, komiti uliyoikanyaga jana leo haipo, na next nalo linajengwa upya baada ya toleo kubwa. Kuna watu wanaona jina la tawi linasikika kama la mambo mapya wanadhani ndo penye kazi, wanaanzia hapo, af baada ya wiki kazi yao inaning'inia hewani haina mzazi.

Symfony, ile fremuweki ya kutengenezea tovuti kwa PHP, nao wako hivohivo, bagi inarekebishwa kwenye tawi la chini kabisa linalohudumiwa halafu wenyewe wanaipandisha tawi hadi tawi. Odoo pia, programu ya kuendeshea biashara ambayo maduka na kampuni nyingi huku Afrika Mashariki zinaitumia, rekebisho linaingia kwenye toleo la zamani linaloathirika na linalohudumiwa bado, alafu kuna roboti inalipandisha kwenda matoleo ya juu.

Lakini usichukue hiyo ukaenda nayo kila mahali, maana kuna miradi mikubwa tu inayofanya kinyume chake kabisa na ina sababu nzuri. CPython, Python yenyewe ile, PR yako inaingia main kwanza, hata kama bagi iko kwenye toleo la zamani. Alafu anayekupitia anabandika lebo ya kusema hii inahitaji kurudishwa toleo fulani, na roboti yao inaitwa miss-islington inachukua ile komiti inaifanyia cheripiki, yani inainakili komiti moja peke yake bila wazazi wake, inafungua PR nyingine kwenye tawi la toleo lile. Django, fremuweki ya tovuti ya Python, vilevile, main kwanza halafu wenye ruhusa wanashusha, na sio kila rekebisho linashushwa, wana masharti yao makali kidogo. Na karneli ya Linux, yani kiini cha mfumo wenyewe, kwenye matawi yake ya stable, yale ya matoleo yaliyokwisha kutoka, sheria inasema rekebisho halipokelewi mpaka liwe limeshaingia kwenye mti mkuu wa Linus, hata liwe dogo namna gani.

Ukiuliza kwa nini, jibu ni moja kwa pande zote mbili: wanaogopa rekebisho kupotea. Fikiria bagi inarekebishwa kwenye 3.1 tu, mtu anasahau kuipeleka main, mwaka unaofuata linatoka 3.2 na bagi imerudi, mtumiaji amepandisha toleo na amepata ugonjwa aliokwisha pona. Wanaopandisha wanazuia hilo kwa kuunganisha tawi zima kwenda juu kwaiyo hakuna cha kusahaulika. Wanaoshusha wanazuia kwa kusema mlango ni mmoja tu, juu, ukiingia pale umeingia kwenye matoleo yote yajayo, na kurudi nyuma ni hiari. Mi binafsi roho yangu iko na wanaopandisha, nadhani mchangiaji mpya anapata heshima zaidi pale ambapo komiti yake ileile ndo inayosafiri badala ya nakala zake tano. Ila ukiwa mgeni kwenye nyumba ya watu unafuata mlango wanaoutumia wao.

Kwaiyo swali la kwanza kwenye mradi wowote ni hilo, hawa wanapandisha au wanashusha? Mara nyingi faili la CONTRIBUTING, lile la maelekezo kwa wachangiaji, litakuambia, na kama halisemi au limeandikwa zamani sana angalia vitendo vyao. GitHub kwenye sehemu ya kutafuta PR ukiandika `is:merged base:2.x` unaona zilizokubaliwa kwenye tawi hilo. Fungua kumi za karibuni. Kama ni watu wa kawaida wanarekebisha bagi, basi hapo ndo mlango. Kama karibu zote zimefunguliwa na roboti au vichwa vyake vinaanza na namba ya toleo kwenye mabano, basi hao wanashusha na wewe nenda main. Dakika kumi tu.

Swali la pili ni bagi yako ilizaliwa lini. Hili watu wanaliruka na ndo lenye utamu. Kwenye kisa changu, nilipokuwa nimeshavuta historia yote, nilipiga `git blame` kwenye ule mstari wa alama ya ', ikanipa komiti iliyouandika, alafu nikapiga `git branch -r --contains` na namba ya ile komiti ikaniorodheshea matawi yote yaliyonayo. Main ipo, 2.x ipo, na lingine la zamani zaidi lilikuwepo ila halihudumiwi tena. Hapo nikaelewa kumbe yule mtunzaji alichoniambia hakikuwa urasimu, alikuwa anasoma ramani ambayo mi sikuwa nayo. Angalizo moja, kwenye miradi inayoshusha kwa cheripiki ile nakala inakuwa na namba yake nyingine kabisa, kwaiyo `--contains` inaweza kukuambia tawi halina bagi kumbe inayo, pale tafuta kwa maneno ya ujumbe wa komiti kwa `git log --grep`. Kwenye Linux wao wanakwambia uandike kabisa kwenye ujumbe wako mstari wa `Fixes:` wenye herufi 12 za mwanzo za komiti iliyoleta bagi, ili watu wa stable wajue rekebisho linafika mpaka wapi. Natamani miradi yote ifanye hivo.

Na swali la tatu, kwangu mi ndo kubwa, ni nani anasubiri. Dada yangu hakuwa anasubiri main. Kompyuta ya pale chamani ina toleo la 2 na haitabadilishwa katikati ya msimu wa pamba, hakuna mtu wa kujaribu bahati na pesa za wakulima. Rekebisho lingeingia main peke yake angelipata labda mwaka na nusu baadaye. Lingeingia 2.x angelipata kwenye toleo dogo linalofuata. Huku kwetu hii ni hali ya kila siku, angalia mifumo kama OpenMRS ya rekodi za wagonjwa iliyoanza 2004 na kufikia 2006 ikawa inatumika Eldoret, au DHIS2 ya Chuo Kikuu cha Oslo, ya takwimu za afya, ambayo wizara za afya za nchi nyingi za Afrika zinaitumia na wenyewe wanahudumia matoleo matatu ya karibuni kwa wakati mmoja. Nadhani ni kwa sababu nchi haiwezi kuhamia toleo jipya kwa wiki moja. Ukichagua tawi unachagua ni watu gani watapona kwanza, na mchangiaji anayetoka kwenye mazingira yetu anawajua wale watu kuliko mtu yeyote.

Nilivyoinusuru ile PR sasa, maana labda umekuja hapa ukiwa tayari umekwama. Kwanza niliigeuza kuwa drafti, yani PR ambayo bado haijawa tayari kupitiwa, drafti haiwaiti wenye CODEOWNERS. Nikarudisha tawi la msingi kuwa main ili zile mia sita ziondoke. Alafu nikavuta historia yote na matawi yote kutoka ripo ya mradi wenyewe, ambayo kwenye mashine yangu nimeipa jina upstream, `git remote set-branches upstream '*'` na `git fetch --unshallow upstream`, nilinunua bando la ziada siku hiyo. Alafu nikatafuta pale main na 2.x zilipoachana:

`git merge-base upstream/main upstream/2.x`

Inakupa namba moja ya komiti, ndo njia panda yenyewe, babu wa pamoja. Nikaihamishia kazi yangu pale:

`git rebase --onto namba-ile upstream/main alama-ng`

Isome hivi, chukua komiti zilizopo kwenye tawi langu la alama-ng ambazo hazipo main, yani ile moja yangu tu, ziweke juu ya babu. Hiyo ndo kukata mizizi niliyoisema. Testi zikapita, nikapushi kwa `--force-with-lease`, hii ya with-lease inakataa kama kuna mtu amepushi kitu hapo ambacho hujakiona, usizoee ile force tupu. Sasa uzuri wa kusimama juu ya babu wa pamoja ni kwamba babu yuko ndani ya main na yuko ndani ya 2.x, kwaiyo PR inaonekana na komiti moja ukiielekeza main na komiti moja ukiielekeza 2.x. Hakuna dakika ambayo mia sita zinatokea. Nikabadilisha tawi la msingi, komiti moja. Nikaitoa drafti. Hii mbinu niliisoma kwenye maelekezo ya nixpkgs, mkusanyiko wa vifurushi vya programu vya Nix, wao wanaihitaji sana kwa sababu wana tawi la master na tawi la staging, na pale hawaangalii bagi ni ya zamani au mpya, wanaangalia uzito, badiliko lako likisababisha vifurushi kama 500 na kuendelea kujengwa upya unaanza kufikiria staging badala ya master ili mashine zao zisielemewe. Sababu nyingine kabisa ya kuchagua tawi, na usingeibashiri kwa kuangalia majina.

Majina kwa kweli yanadanganya sana. Toka Oktoba 2020 ripo mpya za GitHub zinaanza na main badala ya master, na kuna ripo za zamani ambazo master bado lipo limeachwa tu halijaguswa miaka, ukifuata mafunzo ya zamani unajenga juu ya nyumba isiyokaliwa, angalia tarehe ya komiti ya mwisho. Kuna miradi ina develop kutokana na ule mtindo wa kupanga matawi wa Vincent Driessen wa 2010, pale PR ikienda master inarudishwa. Na kwenye sehemu ya karneli inayoshughulikia mitandao kuna miti miwili, net ya marekebisho na net-next ya vitu vipya, unaandika kwenye kichwa cha imeli yako ni upi, na zile wiki mbili za kuunganisha baada ya toleo kutoka net-next inafungwa, ukituma unaambiwa urudi baadaye.

Kitu ninachokifanya sasa kabla ya yote ni kuuliza. Naandika kwenye ishu, ile sehemu ya mradi ya kuripoti matatizo, nimeona bagi hii, imeingia na komiti fulani, ipo kwenye matawi haya, nafikiri nianzie 2.x, mnaonaje? Hiyo sentensi moja inamwonyesha mtunzaji kwamba umefanya kazi ya nyumbani, na jibu linakuja haraka kuliko PR yoyote. Nikishajibiwa ndo nafungua tawi kwa kulitaja kabisa linapoanzia, `git switch -c jina upstream/2.x`, sisimami mahali nilipo tu nikaanza kuandika.

Ile ya Ng'wandu iliunganishwa siku tisa baada ya kuinusuru. Wakati wa kuipandisha main ikagongana kidogo kwa sababu kule lile faili lilikuwa limeshahamishwa, mtunzaji akanitaja akaniomba nimsaidie kuangalia kama imekaa sawa, nikaangalia, ikawa sawa. Dada akaweka toleo dogo lilipotoka, akanitumia picha ya orodha, kumi na moja wote na majina yao kamili. Sasa hivi anasema tarehe nazo kwenye orodha ya mizani zinageuka, siku inakuwa mwezi, nimeshaiona ilipo na iko mpaka kwenye tawi la zamani, nimeandika kwenye ishu jana usiku na sijagusa mstari wowote, nasubiri waniambie.